Chai nyeupe ya msimu wa joto: kuchanganya viungo bila kuifunika chai

Joto likianza kupanda mimi huiweka kando chai nyeusi na kurudi kwenye chai nyeupe. Naichanganya mwenyewe, kiasi kidogo kidogo, na kuinywa ikiwa baridi tangu asubuhi. Nyingi ya zile zinazouzwa zikiwa zimeshatiwa ladha zinanikera kwa sababu moja: ukifungua pakiti unanusa pichi, ukinywa unaonja pichi, chai yenyewe huikuti popote. Kama majani yanaweza kuondolewa na ladha isibadilike, hayo ni maji ya matunda tu, na mkulima aliyechuma yale majani kwa mkono kahangaika bure.

Kwa hiyo katika maelezo haya yote nafuata jambo moja: kila kiungo kinaingia ili kuisaidia chai, na kikianza kuisemea kinapunguzwa.

Chai ya kuanzia

Chai nyeupe inatoka kwenye mmea uleule wa chai nyeusi na chai ya kijani, Camellia sinensis. Kinachoitofautisha ni kazi inayofanyika baada ya kuchuma. Machipukizi na majani machanga hutandazwa yanyauke taratibu, mara nyingi kwa siku moja hadi tatu, kisha humaliziwa kukaushwa kwa joto la chini. Hayasokotwi kama ya chai nyeusi, wala hayakaangwi kwenye karai la moto kama chai nyingi za kijani za China. Jani linabaki zima, na jani zima hutoa ladha yake polepole. Ndiyo sababu chai hii inaweza kulala kwenye maji baridi usiku kucha na asubuhi ukaikuta bado laini.

Chimbuko lake ni jimbo la Fujian, kusini-mashariki mwa China, hasa Fuding na Zhenghe, ingawa siku hizi inatengenezwa katika nchi nyingi zinazolima chai. Majina ya kule ndiyo utakayoyakuta kwenye pakiti. Bai Hao Yinzhen ni machipukizi matupu. Bai Mudan ni chipukizi pamoja na jani moja au mawili. Gong Mei na Shou Mei huwa na majani yaliyokomaa zaidi, na ladha yake ni nzito.

Usichanganye Bai Hao Yinzhen na kitu chochote. Ni ghali, ladha yake ni nyembamba mno, na machipukizi yake ni laini kiasi kwamba vipande vya maganda vinateleza katikati yake na kujikusanya chini ya chupa. Inywe peke yake. Kwa mchanganyiko chukua Bai Mudan. Ukitaka kutumia matunda yenye utamu mwingi, chukua Shou Mei, maana ina nguvu ya kusimama nayo.

Kabla ya kufikiria viungo, mimina Bai Mudan kidogo kwenye sahani nyeupe uitazame kwa karibu. Machipukizi yamefunikwa na vinyweleo vyeupe, kama vile vya mkononi mwa mtoto mchanga. Majani yamejikunja kingoni, juu ni ya kijani iliyofifia, na mishipa imegeuka kahawia. Vunja jani moja: linakatika kwa mlio mdogo na kuacha vumbi la fedha kidoleni. Sasa inusa. Mimi hupata nyasi kavu, asali kidogo, na kitu kinachokaribia ganda la tikiti. Pua yako inaweza kukupa mengine, yaandike. Viungo vitakavyofaa ni vile vinavyoitikia harufu hizo. Nyasi kavu inaitikiwa na mchaichai au kamomili, yale maua madogo meupe yenye kitovu cha manjano. Asali inaitikiwa na pichi, embe na waridi. Ule ubichi wa tikiti unaitikiwa na nanaa na ganda la chungwa au limau. Karafuu, mdalasini na pilipili manga ni viungo vizuri, ila haviitikii chochote hapa. Vikiingia ndivyo vitakavyosikika peke yake.

Viungo, na ukavu wake

Kila kinachoingia kwenye chupa ya chai lazima kiwe kikavu kweli. Kipande cha tunda kikunje kwa vidole: kikipinda, hakifai, kikivunjika, kinafaa. Matunda makavu ya kutafuna, yale laini yenye kunata, yana unyevu wa kutosha kuyalainisha majani yote yaliyo jirani, na majani yaliyolainika huvunda na hata kuota ukungu. Tafuta matunda yaliyokaushwa kwa kugandishwa, ambayo ni mepesi na yanapondeka, au yakaushe mwenyewe hadi yawe magumu. Kama una yale laini tu, yaweke pembeni na uyatie kwenye jagi siku ya kutengeneza kinywaji, si kwenye chupa ya kuhifadhia.

Ganda la chungwa ni bora ulitengeneze mwenyewe. Osha chungwa kwa maji ya moto na brashi, maana mengi hupakwa nta ili yang'ae. Menya kwa kisu cha kumenyea viazi ukishika ile ngozi ya rangi tu. Ule utando mweupe wa chini ni mchungu, na uchungu wake hutoka taratibu, kwa hiyo hutausikia jikoni bali kwenye glasi ya pili asubuhi yake. Panga maganda bila kupandana kwenye trei, tia kwenye oveni ya nyuzi 60 hivi huku mlango umeachwa wazi kidogo, au yaweke kivulini penye hewa kavu. Yakikatika kwa mlio, yako tayari. Yakate vipande vya nusu sentimita.

Mchaichai mkavu ukate kwa mkasi vipande vya sentimita moja. Ukiuacha mrefu haujigawi sawasawa. Ukiusaga unakuwa vumbi linalopita kwenye chujio. Waridi liwe la kuliwa, lililolimwa kwa ajili hiyo. Maua ya dukani ya kupambia yanaweza kuwa yamepuliziwa dawa na hayafai kabisa kutiwa kwenye kinywaji. Kamomili ni tamu na tulivu, ila mwenye mzio wa mimea ya jamii ya alizeti aikwepe.

Rosela inahitaji onyo lake. Watu huipenda kwa sababu ya ile rangi nyekundu, na kwenye maji ya baridi hutoa rangi haraka sana. Lakini ni chachu, na uchachu wake ukiingia, asali ya chai nyeupe haionekani tena. Nikitaka rangi nadondosha kipande kimoja kwenye glasi wakati wa kuandaa, chai ikiwa imeshachujwa. Lavenda, yale maua madogo ya zambarau yenye harufu kali, nayo usizidishe gramu moja kwa kila gramu 100 za mchanganyiko; ikizidi hapo, kinywaji kinanukia sabuni.

Mafuta ya ladha ya chupani siyatumii. Anayeyatumia ahakikishe ni ya chakula, ahesabu matone, na asiyachanganye na yale mafuta ya kunusia au ya kupaka mwilini hata kama jina lililoandikwa ni moja.

Onja kwa vijiko kabla ya kupima kwa gramu

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, na ndiyo ninayoiamini kuliko zote. Badala ya kuchanganya majani makavu kwa kubahatisha halafu kusubiri uone, changanya vinywaji kwanza.

Tia gramu 3 za chai kwenye mililita 200 za maji ya nyuzi 80, funika dakika tano, chuja. Kisha chukua kila kiungo peke yake, gramu 1 kwa mililita 200 za maji ya moto, funika dakika tano, chuja. Sasa una glasi kadhaa mezani: chai, mchaichai, ganda la chungwa, waridi, nanaa. Zibandike majina, maana zikishapoa rangi zake hukaribiana. Ziweke kwenye friji mpaka ziwe baridi kama utakavyokunywa. Usionje zikiwa vuguvugu. Ubaridi hupunguza utamu na harufu unazozisikia, na mchanganyiko uliokaa sawa ukiwa wa moto unaweza kuonekana umepooza kabisa ukiwa na barafu.

Onja kila glasi peke yake kwanza, funda dogo, uizungushe mdomoni. Utashangaa ni vitu vingapi ulivyodhani unavijua. Nanaa kavu, kwa mfano, haina ule ukali wa nanaa mbichi. Ina kitu cha majani makavu kinachoweza kuizeesha chai ikizidi. Ganda la chungwa lina harufu nyingi na utamu kidogo sana.

Baada ya hapo chukua kikombe kitupu, tia vijiko 10 vya chai, kisha kijiko kimoja cha mchaichai. Onja. Ongeza kingine. Onja tena. Endelea hadi uusikie mchaichai waziwazi kabla ya chai, halafu rudi nyuma kijiko kimoja. Hapo ndipo pake. Fuata na kiungo cha pili kwa namna hiyohiyo, ukianza na vile vinavyokipa kinywaji uzito na kumalizia na vya harufu, waridi na nanaa. Sivuki viungo vinne. Cha tano huwa kinakuja kuficha kasoro ya kimoja kati ya vile vinne, na dawa yake ni kukitoa chenye kasoro.

Kutoka vijiko kwenda gramu ni hesabu nyepesi. Kwa kuwa chai ulitia gramu 3 na viungo gramu 1 kwa maji yaleyale, kila kijiko cha chai kihesabu kuwa 3 na kila kijiko cha kiungo kuwa 1. Mchanganyiko ninaourudia kila msimu ulitulia kwenye vijiko 10 vya chai, 3 vya mchaichai, 2 vya ganda la chungwa, 1 cha waridi na 1 cha nanaa. Yaani 30 kwa 3 kwa 2 kwa 1 kwa 1. Nikiupandisha na kusawazisha kidogo, napata hivi:

Bai Mudan gramu 40, mchaichai gramu 4, ganda la chungwa gramu 3, waridi gramu 1.5, nanaa gramu 1.5. Jumla gramu 50, zinazotosha lita tano.

Dada yangu hawezi nanaa kabisa, kwa hiyo chake nakitoa nanaa na kuweka kamomili gramu 3. Nimekiri kwake kwamba kinakaa vizuri zaidi kikinywewa jioni.

Matunda hayaingii vizuri kwenye hesabu hii ya vijiko, kwa sababu hutoa ladha polepole mno na dakika tano haziyatoshi. Yaloweke kwenye maji ya friji kwa muda wa saa nane kabla ya kuyaonja. Yanahitaji pia uzito mkubwa kuliko maua. Kwa Shou Mei mimi huweka gramu 36 za chai, gramu 10 za pichi kavu iliyopondwa kwa mkono na gramu 4 za kamomili. Hicho ni kinywaji cha rangi ya dhahabu iliyoiva, kizito kidogo, na kinavumilia barafu nyingi.

Kuchanganya na kuacha vizoeane

Pima kwa mizani. Bai Mudan ni nyepesi na ina nafasi nyingi katikati ya majani, kijiko chake kimoja kinaweza kisifike hata gramu moja, wakati kijiko cha maganda ni kizito. Mizani ya jikoni inayosoma desimali moja inatosha.

Tumia bakuli pana na mikono mikavu. Tandaza chai, nyunyizia viungo juu yake kuanzia vizito, kisha nyanyua kutoka chini na kuachia, tena na tena, bila kukandamiza. Majani yakivunjika hutoa ladha haraka kuliko yale mazima na kuleta ukakasi usioutaka.

Hamishia kwenye chupa au kopo linalofunga vizuri, liwe linakaribia kujaa, na uliache juma zima mahali pakavu penye giza. Kila siku lizungushe taratibu. Chai kavu hunyonya harufu za jirani zake, na ndivyo chai ya asumini inavyotengenezwa: majani hupangwa pamoja na maua mabichi usiku, maua hutolewa, majani hukaushwa, na kazi hiyo hurudiwa usiku mwingine na mwingine. Unaweza kutumia tabia hiyo kwa vanila. Zika ganda moja kavu la vanila kwenye chupa kwa juma hilo, kisha litoe. Harufu inabaki, na hakuna kitu cha kuchuja. Tabia hiyohiyo ndiyo inayofanya kabati la viungo vya mchuzi liwe mahali pabaya pa kuweka chai.

Kuitengeneza ikiwa baridi

Gramu 10 kwa lita moja ya maji, ndani ya friji, kwa muda wa saa nane. Saa sita inakupa kinywaji chepesi, saa kumi na mbili kizito, zaidi ya hapo maganda huanza kutawala. Majani yaachwe huru kwenye jagi la kioo lenye kifuniko, si kubanwa kwenye kile kichujio kidogo cha mviringo, kwa sababu yakinywa maji hutanuka sana.

Maji ni nusu ya kazi. Maji magumu yenye chokaa huifanya chai nyeupe iwe bapa na yenye ukungu machoni, na harufu ya klorini huizidi nguvu waridi. Chuja maji yako kama una chujio. Kwa kuwa hapa hakuna joto la kuua vijidudu, tumia maji safi ya kunywa au yaliyochemshwa yakapoa, osha jagi kwa maji ya moto, na ukimaliza kuchuja kinywe kinywaji ndani ya siku mbili. Ile njia ya kuweka jagi juani ili jua lipashe maji naomba uiache. Maji ya vuguvugu yenye majani ndani yake kwa saa kadhaa ni mazingira mazuri ya bakteria, na jua halipandishi joto la kutosha kuwaua.

Maji baridi huvuta kafeini na vitu vya ukakasi polepole kuliko ya moto, ndiyo maana kinywaji hiki ni laini. Hilo lisikufanye udhani chai nyeupe haina kafeini. Machipukizi machanga yana kafeini ya kutosha, na anayekosa usingizi asinywe jagi zima usiku.

Ukiwa na wageni mlangoni na huna saa nane, fanya hivi. Changanya vikombe vitatu vya maji yanayochemka na kikombe kimoja cha maji ya kawaida. Joto lake linakaribia nyuzi 80. Chukua nusu lita ya maji hayo, tia gramu 12 za mchanganyiko, funika dakika tano, kisha chuja moja kwa moja juu ya nusu kilo ya barafu. Barafu itaizimua ifike kwenye ukali wake sahihi, ndiyo sababu ya kuanza na gramu nyingi kwa maji machache. Harufu ya njia hii ni kubwa kuliko ya friji, utamu ni mdogo. Sukari huyeyuka polepole mno kwenye kinywaji baridi, kwa hiyo anayetaka utamu ayeyushe asali au sukari kwenye maji ya moto kidogo na kuitia kwa kijiko, akionja kila mara.

Kama jagi la kwanza halikukaa sawa, usikimbilie kuongeza kiungo. Kikiwa na harufu kama ya marashi, punguza waridi nusu. Kikiwa chungu, kagua maganda yako kama yana utando mweupe. Kikiwa hafifu kwa ujumla, ongeza mchanganyiko wote hadi gramu 12 kwa lita, bila kugusa uwiano. Kikiwa kimepooza, hakina uhai, ganda la chungwa gramu nusu zaidi hukiamsha vizuri kuliko mchaichai.

Kabla ya kupima kila mara, geuza chupa juu chini mara kadhaa, maana vipande vizito huteremka. Mchanganyiko wa maua na maganda natumia ndani ya miezi mitatu, wa matunda ndani ya miwili. Nanaa ndiyo inayotangulia kufifia. Ukiona imekwisha nguvu na chai bado nzima, ponda majani machache mapya kwa vidole, yatie kwenye chupa, zungusha, na uiache hadi kesho yake.